Massey 135 ya baba mdogo na trekta dogo la Japani, miaka miwili kwenye shamba moja la michungwa

Siku ya kwanza nilipopitisha Massey ya baba mdogo kwenye mistari ya michungwa nilirudi nyuma kwa miguu kuangalia kazi, nikaanza kuokota machungwa machanga yaliyoanguka, nikahesabu mpaka 60 afu nikaacha. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri, hapo sina neno, ila eksozi yake imesimama wima mbele ya dereva na matawi ya miti yetu yamelala, miti ya zamani babu aliipanda mita 6 kwa 6 na sa hivi imeshakutana, kwahiyo kila mti niliopita ulinidai kitu, huu tawi, ule machungwa, na mmoja ulinichana shavu. Hapo ndo wazo la trekta dogo lilipoanza. Leo nina miaka miwili natumia yote mawili kwenye shamba hilohilo, na watu wanaonipigia kuuliza "ndugu ninunue lipi" wamekuwa wengi, jibu la dakika tano kwenye simu linapotosha mtu na hela yake, kwahiyo naandika yote hapa.

Kwanza shamba lenyewe maana bila hilo hamtanielewa. Tupo Muheza, Tanga, ekari 9. Ekari 6 ni michungwa, 2 tunalima mahindi na muhogo, iliyobaki ni nyumba, banda la ng'ombe wanne, minazi michache na njia ya kama mita 400 kutoka nyumbani mpaka barabara ya vumbi. Shamba limelala kwenye mteremko, juu nyumba, chini bonde lenye udongo mweusi unaoshika maji. Msimu wa machungwa Fuso za wanunuzi zinasimama barabarani, hazishuki kwetu, kwahiyo kila chungwa lazima litoke bondeni mpaka barabarani kwa nguvu zetu wenyewe. Zamani ilikuwa kichwa na baiskeli. Mama yangu alibeba viroba vile miaka na miaka na mgongo wake mpaka leo unamsumbua, na mi kila nikimwona anashika kiuno nakumbuka kwanini nilikuwa naitafuta mashine.

Massey Ferguson 135 mnaijua hata kama jina hamlijui, ni ile ya boneti nyekundu na injini ya kijivu, ukipita minada ya magari ya zamani hukosi kuiona. Uingereza waliitengeneza Coventry kuanzia 1964 mpaka katikati ya miaka ya 70. Ya baba mdogo ina injini ya Perkins, silinda tatu, lita 2.5, hosipawa kama 45, na uzito wake ni kama tani moja na nusu bila jembe. Inavuta magurudumu ya nyuma tu. Usukani ni wa nguvu za mikono, ukishinda nao siku nzima unalala mabega yanawaka, ila baba mdogo ana miaka 67 na anaukata kwa mkono mmoja huku anasalimia watu.

Kuna kitu nilikielewa baadae sana kuhusu trekta hili, yaani kwanini chombo chepesi vile kinavuta plau kwenye udongo wetu mwekundu. Siri ni ile mikono mitatu ya nyuma, miwili chini na mmoja juu. Kabla yake jembe lilikuwa linakokotwa nyuma tu kama mkokoteni, likikwama kwenye kisiki trekta linainuka mbele na linaweza kumwangukia dereva. Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, ndiye aliyehangaika na jambo hili miaka ya 1920 na 1930 mpaka akapata mpangilio ambao jembe na trekta vinakuwa kitu kimoja, udongo ukilirudisha jembe nyuma ile nguvu inakandamiza magurudumu ya nyuma chini badala ya kulibinua trekta, na haidroliki inausikia mzigo, ukizidi inanyanyua jembe kidogo yenyewe. Kampuni yake ikaungana na Massey-Harris 1953 ndo tukapata hilo jina refu. Kwenye ile ya baba mdogo kuna vishikio viwili pembeni ya siti, kimoja cha kuweka jembe kwenye kimo unachotaka, kingine cha kusikiliza uzito wa udongo, na ukiona dereva anatumia kimoja tu miaka yote ujue hajafundishwa, hicho cha pili ndo kilichoifanya mashine hii ipendwe.

La pili ni la kwangu. Limetoka Japani likiwa limetumika, hosipawa 20, silinda tatu, fowili yaani magurudumu yote manne yanavuta, uzito kama kilo 800, limekuja na rotaveta yake ya mita 1.3 nyuma, ile ya visu vinavyozunguka kulainisha udongo. Jina la kampuni naliacha pembeni kwasababu ninayosema yanahusu karibu matrekta yote ya aina hii, yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Japani wenyewe, wenye vijaruba vidogo vya mpunga. Ndo maana ni membamba, kama mita 1.2 kwa upana, yanageuka pahala padogo, na tairi zake zina meno marefu ya kutembea kwenye tope. Maandishi yote ni ya Kijapani. Nilipiga picha kila kibandiko, simu ikanitafsiria, afu nikachukua rangi nyeupe nikaandika kwa Kiswahili juu ya kila kishikio. Kwenye kishikio cha moto, kile cha kuongeza na kupunguza spidi ya injini, hakukuhitajika tafsiri, kuna picha ya kobe upande mmoja na sungura upande mwingine, mwanangu wa miaka 6 alinielekeza kabla sijatoa simu mfukoni.

Baba mdogo alipoliona siku ya kwanza alilizunguka mara mbili kimya. Nikamwambia, "Shikamoo baba, vipi unalionaje?" Akasema marahaba, akaweka mkono kwenye boneti ambayo inamfika kiunoni, akaniuliza, "Mwanangu, hili na plau ya diski tatu litakwenda?" Nikamwambia hapana. "Sasa umelinunua la nini?"

Swali lake ndo swali lenyewe, na nimelifikiria sana kuliko alivyodhani.

Nilichofanya ni kukaa chini na daftari nikaandika trekta linafanya nini kwetu mwaka mzima, siku kwa siku. Kulima kwa plau kulitoka siku mbili. Mbili tu, Februari, kabla masika hayajaanza, ekari zetu mbili za mahindi na muhogo. Kufyeka majani kwenye michungwa kulitoka zaidi ya siku 20, maana huku kwetu mvua za masika zikikolea na vuli ikija nyasi zinakufika kifuani ndani ya wiki chache. Kubeba machungwa, samadi, kuni, maji ya ng'ombe, mchanga, mawe ya kuziba mashimo ya njia, hizo ni siku ambazo hata sikumaliza kuzihesabu. Yaani mi nilikuwa nataka kununua chombo kwa ajili ya siku mbili afu zile siku 80 na zaidi kiwe kinanisumbua. Na wengi wananunua hivyohivyo, mtu akisikia trekta anaona plau kichwani.

Tena kwenye michungwa yenyewe plau haitakiwi kabisa. Mizizi midogo ya mchungwa, ile inayonyonya chakula, iko juujuu tu, ukipitisha plau au rotaveta karibu na mti unaikata na mti unaumwa miezi. Kinachotakiwa ni kufyeka nyasi na kuziacha zilale hapohapo ziwe matandazo, udongo unabaki na unyevu, kiangazi unaona tofauti kwa macho. Na uzito una maana yake. Tani moja na nusu ikipita njia ileile udongo ukiwa umelowa, ardhi inashindiliwa inakuwa kama sakafu. Niliwahi kuchimba kwa jembe la mkono pale Massey ilipozoea kupita na pale isipopita, hatua mbili tu katikati yake, pale pa kwanza jembe linagonga linarudi.

Nchi hii iliwahi kulipia somo la mashine kubwa. Ule mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951, Kongwa, Urambo na Nachingwea, walileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine yalikuwa vifaru vya kijeshi vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, vyuma vikaisha huku karanga hakuna. Wazee waliowahi kufika huko walikuwa wanasimulia vyuma vilivyoachwa porini. Mi nikiwaza habari ile nawaza watu walioleta mashine kwanza ndo wakaja kuuliza udongo ukoje.

Haya, tuje kwenye kufyeka. Slasha, ile mashine ya nyuma yenye visu vya kukata nyasi, ya Massey ni ya futi 5, ya kwangu ni futi 4. Kwenye uwanja wazi Massey inamaliza ekari na robo kwa saa, la kwangu linamaliza robo tatu ya ekari hivi, na nyasi zikiwa ndefu sana natembea kwa gia ndogo kabisa, nanyanyua slasha juu napita mara ya kwanza, afu narudi mara ya pili nimeishusha. Kwahiyo ukinihukumu kwa uwanja wazi nimeshindwa. Ila chini ya miti mambo yanageuka. La Japani linapita chini ya matawi, mi nainama kidogo tu, nafika karibu na shina, nageuka mwisho wa mstari bila kurudi nyuma mara tatu. Massey inabidi iache kama mita na nusu kila upande wa mti na pale panabaki panga. Tulikuwa tunalipa vijana wanne siku tano kumalizia kwa panga, sa hivi ni vijana wawili siku mbili. Hiyo ndo hesabu iliyonifanya nilale vizuri.

Ule upinde wa chuma nyuma ya siti, wa kumlinda dereva trekta likipinduka, wa kwangu unakunjika. Chini ya miti naukunja, nikitoka tu kwenye miti nausimamisha na kufunga mkanda. Hili naomba mnielewe vizuri: upinde ukiwa umesimama funga mkanda, ukiwa umekunjwa usifunge, maana likibiringika mkanda utakuweka palepale chini yake. Massey nyingi za zamani hazina upinde wowote. Nimemsihi baba mdogo muda mrefu atafute, na sitaacha kumsihi.

Kuna kitu cha PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha slasha, nataka kukisema kwa kirefu kidogo maana nimeona watu wakiharibu vitu kwa kutokujua. Slasha nyingi zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Massey ya baba mdogo inatoa hiyo 540 injini ikiwa kwenye spidi yake, basi, hamna la kuchagua. Matrekta haya ya Japani mengi yana gia za PTO tatu au nne, gia ya kwanza ndo inakaribia 540, zingine ni za kuzungusha rotaveta kwa kasi udongo uwe laini wa kupandia mpunga. Mtu anapanda, anaweka gia ya tatu, anaona slasha inalia vizuri kumbe visu vinazunguka karibu mara mbili ya kasi waliyoikusudia waliovitengeneza, beringi inakufa, na kisu kikichomoka hapo sitaki hata kuwaza kitampata nani. Gia ya kwanza tu, nimezifunga zingine kwa waya ili kijana yeyote asijaribu.

La pili hapohapo. Slasha ni chuma kizito kinachozunguka, ukikanyaga klachi kinaendelea kuzunguka, na kwenye matrekta madogo mengi ule mzunguko unarudi kupitia shafti mpaka giaboksi na unakusukuma mbele. Unakanyaga klachi usimame, hausimami. Mara ya kwanza ilinitokea hatua mbili kutoka kwenye mchungwa, nikaukumbatia. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye shafti, kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli, kinaruhusu slasha iendelee kuzunguka yenyewe bila kusukuma trekta. Ya baba mdogo ina klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu gia zinaachia na slasha inaendelea, ukikanyaga mpaka chini na PTO inaachia. Ukienda kununua 135 uliza hilo, zipo za klachi ya hatua moja na zipo za mbili, kwa nje zinafanana, na kwa mtu wa slasha tofauti ni kubwa mno.

Kulima. Hapa sina maneno mengi. Ekari ya ardhi ngumu, yenye mizizi, iliyolala mwaka mzima, Massey na plau ya diski mbili inamaliza asubuhi na unakwenda nyumbani. La kwangu na rotaveta, ardhi ikiwa imeshalimwa mara moja, linalainisha vizuri kuliko haro yoyote, bustani ya mama ya mchicha na bamia sijawahi kuiona imetulia vile, udongo kama unga. Ila ukilipeleka ardhi ngumu linarukaruka juu, na majani marefu yanajiviringisha kwenye visu unashuka kila dakika kumi na kisu cha jikoni. Mawe ndo kabisa. Kwahiyo Februari namkodi baba mdogo, na sioni aibu.

Kwenye tela ndo sehemu ninayotaka msome polepole.

Mwaka jana msimu umechanganya, wanunuzi wawili wamefika siku moja, mmoja anapeleka Kenya na anataka avuke mpaka wa Horohoro kabla ya jioni, nikapakia viroba 20 vya machungwa kwenye tela nyuma ya trekta langu dogo. Kutoka bondeni kupanda lilivuta, polepole lakini lilivuta, fowili inafanya kazi yake, nikafurahi sana. Tatizo halikuwa kupanda. Juu pale kwenye nyumba njia inapanda kidogo afu inashuka kuelekea barabarani, na nilipoanza kushuka tela likaanza kunisukuma. Kilo 800 zinashikilia zaidi ya tani moja na nusu. Nikakanyaga breki, magurudumu ya nyuma yakasimama kuzunguka lakini trekta linateleza vilevile kwenye vumbi, na tela linaanza kujikunja pembeni linataka kunipita. Juu ya viroba alikuwa amekaa kijana wetu. Nilimpigia kelele aruke, akaruka, nikaukata usukani kwenye ukingo wa migomba na trekta likasimama limelala upande. Hakuna aliyeumia. Nilikaa chini pale nikatetemeka kwa muda mrefu, kijana ndo alikuwa ananibembeleza mimi.

Tangu siku ile sheria za kwetu ni hizi na hazina mjadala. Tela lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta lenyewe likiwa na mzigo, kwa hili dogo ni viroba 8, hata mnunuzi apige kelele vipi. Kushuka tunaweka gia ndogo tukiwa bado juu, klachi haiguswi mpaka chini, maana ukikanyaga klachi umeachia breki ya injini. Na fowili inawekwa wakati wa kushuka pia, siyo wa kukwama tu, kwasababu breki za matrekta haya madogo mengi ziko magurudumu ya nyuma peke yake, ukiweka fowili na ya mbele yanashika. Ukifika kwenye lami au ardhi ngumu kavu unaitoa, vinginevyo meno ya mbele yanakulana. Hakuna mtu anapanda juu ya mzigo. Hakuna.

Massey kwenye kazi hiyo inanishinda wazi. Uzito uleule niliousema vibaya kwenye michungwa, kwenye tela ndo unaokoa, inabeba viroba 15 na inashuka imetulia. Ila kama 135 unayotaka kununua ina ile Multi-Power, kishikio kidogo cha kubadilisha kasi bila klachi, ujue kwenye upande wa polepole injini haishikilii trekta kwenye mteremko, linaachia kama limewekwa huru. Ni namna ilivyotengenezwa, siyo ugonjwa. Kwenye mteremko weka upande wa haraka na gia ndogo.

Na visiki. Tuling'oa kisiki cha mwembe kwa Massey, baba mdogo mwenyewe alinisimamia. Mnyororo anafunga chini kabisa, kwenye chuma cha kuvutia, chini ya ekseli. Nikamuuliza kwanini asifunge juu pale kwenye mkono wa tatu ambapo ni rahisi kufikia, akazima trekta kabisa ili nimsikie vizuri. "Ukifunga juu ya ekseli, kisiki kikigoma trekta linajiviringisha kwenye ekseli yake, boneti inakuja kifuani kwako. Hata kupiga kelele huwahi." Alishazika rafiki kwa namna hiyo, hakunisimulia zaidi na mi sikuuliza.

Spea sasa. Watu wananiambia la Japani spea hamna. Siyo kweli na siyo uongo. Kwa 135 mambo ni mteremko, ile injini ya Perkins ya silinda tatu imetumika pia kwenye Massey 240 ambazo zimejaa nchi hii, Tanga mjini ukitaja pistoni, noseli au diski ya klachi unaulizwa tu unataka ya bei gani, na kila fundi wa trekta amejifunzia hapo. Kwa la kwangu unatakiwa uwe na akili nyingine. Beringi hazina uraia, zina namba. Beringi iliyoandikwa 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, 15 unene, iwe kwenye trekta, pampu au mashine ya kusaga. Sili za oili ni hivyohivyo, vipimo vitatu vimegongwa pembeni, unasafisha unasoma, unanunua duka lolote la sili. Filta ya dizeli na ya oili nilizipeleka dukani mkononi tukalinganisha uzi na mpira. Fenbelti vivyo hivyo. Vinavyosumbua ni vitu vya trekta hilo peke yake, gia za ndani, sehemu za pampu ya haidroliki, vifuniko, vile unaagiza na kusubiri wiki sita, na wiki sita zikikuangukia katikati ya masika nyasi hazikusubiri. Mi nimenunua visu vya rotaveta seti mbili na boliti zake nimeweka ndani, na daftari lina namba ya kila beringi niliyowahi kuigusa.

Kabla hujanunua hili la kutumika usiangalie mita ya masaa, angalia raba za pedali, zimelika kiasi gani, angalia siti, shika usukani utikise uone unacheza kiasi gani, nyanyua rotaveta na uzime injini, ukae nusu saa uone inashuka kwa kasi gani. Washa injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika mwambie utarudi kesho asubuhi. Na pima tairi za mbele na za nyuma zote, matrekta ya fowili tairi za mbele na nyuma zina uwiano wake, mtu akikuwekea mbele saizi nyingine kwasababu ndiyo aliyoipata, ekseli inapigana yenyewe kwa yenyewe kila unapoweka fowili.

Mafuta nimepima kwa kidumu, siyo kwa kukisia. Kufyeka, la kwangu linakunywa kama lita mbili na nusu kwa saa, Massey lita tano na kidogo. Ukigawa kwa ekari kwenye uwanja wazi la kwangu linashinda kidogo tu, lita 3 na ushee kwa 4. Kwenye kazi ndogondogo ndo hela inaonekana, kwenda kuchota maji, kupeleka samadi, vitu vya nusu saa ambavyo kwa Massey hata unaona uvivu kuiwasha.

Kwahiyo mtu mwenye ekari 5 mpaka 10, miti mingi, njia nyembamba, na jirani mwenye trekta kubwa la kukodi, mi nasema dogo la fowili. Mwenye ekari 20 za mahindi au anayetaka kulimia watu apate hela, asinisikilize, achukue 135 au 240 yenye klachi ya hatua mbili. Na mwenye mteremko mkali na mzigo mzito kila siku aangalie uzito kwanza kabla ya hosipawa.

Baba mdogo na mi tumefikia makubaliano sa hivi. Februari anakuja na Massey ananilimia ekari mbili na kunitolea mizigo mikubwa siku za Fuso. Mi namfyekea michungwa yake, ekari 4, maana na ya kwake imeshakutana juu. Tunaandika masaa kwenye daftari moja, saa yake moja tunaihesabu saa zangu mbili, na mafuta kila mtu yake. Wiki iliyopita nilienda kuanza kwake, nikamkuta ameshakaa kwenye siti ya la kwangu, ameshausoma ule Kiswahili wa rangi nyeupe wote, ananiuliza gia ya kwanza ya PTO ndo hii? Nikamwambia ndo hiyo baba. Akafyeka mistari mitatu, akazima, akashuka, akatembea kuangalia chini ya miti kama kuna chungwa lililoanguka.

Ameniambia vuli hii atanipigia simu mwenyewe nyasi zikifika magotini.